Mrija wa Baba Metrine

Kila asubuhi Metrine alimjazia baba yake, Josphat, chupa ya chai kabla hajaenda mtaa wa Olaya, Riyadh, kumwendesha bosi wake. Siku hiyo chupa ilibaki mezani. Baba alikuwa amejikunja kitandani, jasho likimtoka, maumivu yakipenya kutoka tumboni hadi mgongoni.

"Baba, ni kama yale ya Jeddah," Metrine alisema.

"Nyamaza!"

Huko Jeddah, walipoishi mtaa wa Kandara, daktari alisema kongosho lake limevimba, akamuuliza kama anakunywa pombe. Josphat hajaonja pombe maishani! Lakini wenzake wa maombi walianza kunong'ona, naye akaogopa kazi na ikama, kibali chake cha kuishi Saudia, vingeota mbawa. Akatoroka hospitalini kabla ya kupigwa picha ya tumbo. Mtu mzima ovyo!

Hospitalini Riyadh, Metrine ndiye aliyetafsiri, maana Kiarabu cha wazazi wake kiliishia sokoni.

"Mwambie ni vidonda vya tumbo," Baba alinong'ona. "Jeddah usiitaje. Halas, basi."

"Amewahi kuugua hivi?" daktari akauliza.

Metrine alimtazama mama yake. Mama akainamisha kichwa. Baba akaguna kwa uchungu, na Metrine akaogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa kufokewa.

"Ndiyo, mwaka jana, Jeddah. Walisema ni kongosho. Na hanywi pombe, daktari, haki ya Mungu!"

Baba alimkazia macho. Metrine akatoka, akalia ukumbini.

Picha ilipopigwa, daktari alieleza: "Kongosho hutoa maji ya kusaga chakula, nayo hupita kwenye mrija. Mrija wa baba yako uliumbwa tofauti tangu kuzaliwa, na maji mengi hutoka kupitia tundu dogo. Wengi wako hivyo na hawaugui. Kwake huenda maji yanakwama. Sina hakika, ila pombe haimo. Ungeniambia vidonda, ningempa dawa za vidonda arudi nyumbani, na ugonjwa huu huua."

Maumivu yalipopungua, Baba alimshika Metrine mkono. "Ungenitii, mama yako angekuwa anapanga kunisafirisha ndani ya jeneza. Niliogopa midomo ya watu, mwanangu. Daktari hawezi kutibu anachofichwa. Mgonjwa aseme kweli, hata kama anaona aibu."

Cliff, mwenzake wa maombi wa hapo Riyadh, akachungulia mlangoni. "Pole, ndugu. Ni vile vidonda vyako?"

"Ni kongosho," Baba akajibu, wodi nzima ikasikia. "Keti nikueleze."