Kamba Iliyoandikwa Nyavu

Kila asubuhi kabla ya shule, Domitille alifagia mbele ya meza ya mama yake katika soko la Kalundu, mji wa bandari kando ya ziwa. Kisha alipanga bobini za uzi na kamba: za pamba mbele, za mkonge nyuma, za nailoni karibu na kiti, kwa sababu hizo ndizo wezi walizozipenda.

Mama Ernestine alinunua bidhaa zake Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Zamani za Wabelgiji alivuka nazo kama mtu anayetoka shambani kwake. Baada ya uhuru nchi zikawa mbili kweli, na kila robota lilipita duane, yaani ofisi ya ushuru pale bandarini. Mwanzoni mwa mwaka 1964 mambo yalizidi kuwa magumu. Habari za maasi zilikuwa zikitoka bondeni, barabara haikuaminika, na kamba nzuri iliadimika mjini.

Siku moja boti ilipomrudisha bandarini, Mama Ernestine alikuta ujumbe: dada yake wa Nyakabere amejifungua na hali yake si nzuri. Kamio ya mwisho, lori la kwenda huko, ilikuwa tayari inaunguruma. Alimkabidhi Domitille, aliyekuja kumpokea, robota la kamba na pesa za ushuru zilizofungwa kwenye kitambaa.

"Ukiulizwa, sema kamba ya kufungia vifurushi," alisema. "Ni ya wenye maduka. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kwenye duane, Papa Basile, karani wa ushuru, alikuwa akikagua mzigo wa mtu aliyetangulia. Alikata kipande cha kamba, akakisokotoa, akakichoma ncha, akakitumbukiza katika bakuli la maji. Ndivyo alivyojua kamba imetengenezwa kwa kitu gani na iandikwe katika safu ipi ya daftari la ushuru.

"Hii iko ya nyavu," alimwambia yule mtu. "Inapita bure, wavuvi watulishe. Ingekuwa ya kufungia mizigo, ungelipa."

Domitille alisikia vizuri. Alikibana kitambaa cha pesa kiganjani. Akawaza jinsi mama atakavyofurahi akizikuta pesa zake zote.

Ghafla askari waliingia na masanduku yao, wakaanza kupiga kelele kwamba wanataka nafasi. Papa Basile akababaika. Akalitazama robota, akamtazama msichana.

"Weye mutoto wa Mama Ernestine? Hii iko kamba ya nini?"

"Ya nyavu, Papa."

"Mama yako hajanidanganya hata siku moja." Akaandika kwa chaki juu ya gunia: NYAVU. Bakuli la maji halikuguswa. "Pita, pita! Ondoka kabla hawa hawajakukanyaga!"

Kesho yake alasiri, Habonimana alifika sokoni akiwa amejifunika blanketi juani. Alikuwa fundi wa Firmin, mwenye mitumbwi. Wavuvi wa ndagala, yaani dagaa wa ziwani, huunganisha mitumbwi miwili kwa miti mirefu, wavu ukaning'inia katikati. Kazi ya Habonimana ilikuwa kuifunga miti hiyo. Ikilegea, mitumbwi huachana.

"Malaria inanipiga kama ngoma," alisema. "Na kamba siku hizi ni kama nyama ya tembo, watu wanaisikia tu. Kumbe weye unaikalia!" Akasoma maandishi ya chaki, akachukua bobini moja na kuipitisha kati ya vidole. Kamba ilikuwa ngumu na yenye kuteleza kama iliyopakwa nta. "Sijaona ya namna hii. Itafaa majini?"

Domitille alijua ni ya vifurushi. Lakini angekana maandishi, Papa Basile angejua kwamba alidanganywa.

"Duane wenyewe wameandika, Papa."

"Basi mimi ni nani nibishane na duane?" Habonimana akacheka huku meno yakigongana. Akalipa, akafunga miti ya Firmin jioni ileile, kisha akarudi nyumbani kulala, kwa sababu ya homa. Mitumbwi ikaenda bila yeye.

Asubuhi Domitille alisikia vilio kutoka ufukweni. Alikimbia. Mtumbwi mmoja tu ulikuwa umerudi, umejaa maji. Mwingine ulikuwa umezama. Wanaume wanne walikuwa wakimshusha Placide, mvuvi kijana aliyewachekesha watu wote wa Kalundu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umesagwa kati ya mti na mtumbwi, umening'inia kama kitu kisicho chake. Hakuwa akilia. Macho yake yalikuwa wazi tu.

"Miti ilifunguka yote kwa pamoja!" Firmin alipiga kelele. "Kamba mpya! Kamba haifunguki hivyo. Nani aliifunga? Habonimana! Na nani alibaki nyumbani? Habonimana huyohuyo!"

"Mtu wa ng'ambo," mwingine akasema.

"Ametumwa na waasi!"

Neno hilo lilitosha. Askari wawili walimkokota Habonimana kutoka kitandani, shati limechanika, homa bado mwilini. Mmoja alitafuta kitu cha kumfungia, akaokota masalio ya kamba aliyoyaacha fundi jana mchangani. Akamfunga mikono nyuma, akakaza mpaka ngozi ikakunjamana.

"Twende ukatuambie nani alikutuma."

"Nilifunga vizuri," Habonimana alisema. "Firmin, kazi yangu unaijua tangu zamani!"

Firmin akatazama pembeni.

Domitille alijua watu waliochukuliwa hivyo miezi ile hawakurudi wote. Akakumbuka bakuli la maji la Papa Basile. Akapenya kati ya watu wazima mpaka mbele ya askari.

"Ni kamba! Si yeye, ni kamba! Ni ya vifurushi. Nilidanganya duane, nikamdanganya na yeye!"

"Toka hapa, weye mutoto!"

"Mumutie mikono mumaji! Mutaona!"

Firmin ndiye aliyemshika fundi wake mabega na kumwingiza ziwani mpaka kiunoni. Wakangoja. Wimbi likaja, likarudi. Kamba ikaanza kuvimba, ikafumuka, ikawa laini kama ugali uliomwagiwa maji. Habonimana akavuta mara moja. Mikono yake ikatoka, na vipande vyeupe vikaelea juu ya maji.

Firmin akaokota kimoja, akakifungua kwa kucha.

"Karatasi," alisema. "Watu wangu walifungiwa karatasi."

Domitille hakujua kwamba kamba inaweza kusokotwa kwa karatasi.

Askari waliondoka bila kuomba radhi. Papa Basile alikuja, akachukua bobini zote zilizobaki, na Domitille akamkabidhi kitambaa cha pesa. Mama Ernestine aliporudi, meza ilikuwa tupu. Hakupiga kelele. Alimshika bintiye mkono, wakaenda kwa Placide hospitalini, na tangu siku ile Domitille aliteka maji ya nyumba ya Placide kila jioni. Mkono ulipona, lakini haukunyooka tena.

Siku chache baada ya mkasa, Papa Basile alikuja nyumbani kwao; Habonimana alikuwa pale, na alama nyekundu bado ziko mikononi.

"Unafikiri tunapanga kamba katika safu kwa ajili ya pesa tu?" Papa Basile alimwuliza Domitille. "Mtu akisoma NYAVU, anaweka roho yake juu ya neno hilo. Weye ulidanganya, na mimi niliandika bila kupima. Makosa ni yetu wawili."

Domitille akapiga magoti mbele ya Habonimana. Fundi akamwinua.

"Ulisema ukweli mbele ya bunduki, na hilo sitalisahau," alisema. "Lakini ulingoja mpaka mikono yangu ikafungwa na wa Placide ukavunjika. Ukweli usiusubirishe, mwanangu. Useme kamba ikiwa bado mezani."