Mjomba Alipoganda Kwenye Kioo

Nyumbani kwa Gervas, pale Mafiga, kompyuta ilikuwa inazimwa kama televisheni. Mtu akimaliza mambo yake anabonyeza kitufe cha kioo. Kioo kinakuwa cheusi. Bernadeta, mke wa Gervas, anakifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, na kompyuta inahesabiwa imelala.

Wala hailali. Boksi lake chini ya meza linanguruma mchana na usiku kama paka aliyeshiba. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Kila mtu alikuwa na yake mle ndani. Gervas, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa anasoma habari za mpira kabla hajaenda kazini. Bernadeta alikuwa anaangalia mapishi. Binti yao Winfrida, tamthilia. Na hakuna aliyekuwa anafunga kitu. Ukimaliza unabonyeza kile kimstari kilichopo juu, ukurasa unashuka chini, hauonekani tena. Kwao wao, kisichoonekana hakipo.

Mwezi ule kompyuta ikawa nzito. Unaandika neno, unakwenda kunywa chai, ukirudi ndiyo linatokea.

"Mbona umeme ukikatika, ukirudi inakuwa nyepesi?" Bernadeta aliuliza siku moja. "Wiki hii umeme haujakatika kabisa. Ndiyo maana inatusumbua."

Gervas akacheka mpaka akapaliwa. "Mama Winfrida! Nchi nzima hii, wewe peke yako unalalamika umeme haukatiki!"

Jumapili ikafika, na Jumapili hiyo haikuwa ya mchezo. Winfrida alikuwa anaposwa.

Sasa, kwa Waluguru baba anaweza kumlea mtoto mpaka mgongo ukapinda, lakini siku ya posa mwenye neno ni mjomba. Kwa hiyo mjomba Dominiko, kaka yake Bernadeta, alishuka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi, furushi la mdalasini na koti lake la misa. Wazee wa bwana harusi, kijana anaitwa Godlisten, walikuwa Moshi. Mkubwa wao, mzee Elirehema, alikuwa na magoti mabovu, safari haiwezi. Wakaomba mambo yaongelewe kwa simu.

Mjomba akagoma. "Mtoto haposwi kwa sikio. Nataka niwaone wakiniomba."

Ndiyo ikaamuliwa wapigiane kwa kompyuta, waonane uso kwa uso.

Saa nane mchana wakatokea kwenye kioo, wazee wamekaa kama wanapigwa picha ya pasipoti. Salamu zikapita vizuri. Mzee Elirehema akasafisha koo.

"Mjomba, tumekuja kwako. Tumeona ua tumelipenda. Je, mnatupokea?"

Sasa mjomba alikuwa amekula nyama. Kipande kilikuwa kimenasa kwenye jino. Kabla ya kujibu akapandisha mdomo upande mmoja ili akitoe kwa ulimi. Kompyuta ikaganda hapohapo.

"Tumewapokea kwa mikono miwili!" mjomba akasema. Akaongeza na methali. Akaongeza na historia ya ukoo. Kule Moshi hawakusikia hata neno. Walichoona ni mjomba kabenua mdomo, jicho moja dogo, kimya.

Simu ya Winfrida ikalia. Alikuwa Godlisten, yupo na wazee kulekule Moshi, anahema.

"Mjomba wako ana nini? Wazee wamesimama! Mzee anasema tangu azaliwe hajawahi kubenuliwa mdomo muda mrefu hivyo, tena na mtu asiyepepesa macho!"

"Nilikuwa natoa nyama kwenye jino!" mjomba akapiga kelele.

"Godlisten amekusikia," Winfrida akasema, machozi yanamlenga. "Amewaambia. Wanasema mtu mzima hajibu posa huku anatoa nyama kwenye jino. Watakaa mpaka saa kumi. Wanataka wakuone ukijibu. Wakiona kimya tena, wanaondoka na hawarudi."

Akatoka nje na simu kwenda kumbembeleza mchumba wake.

Gervas akavua koti. Mtu wa mashine haogopi mashine. "Hii najua tatizo lake. Imejaa. Nitaipunguzia mzigo."

Kompyuta ilipozinduka kidogo, akaanza kufuta. Mjomba naye akachukua ungo jikoni, akapiga magoti, akawa anapepea lile boksi kama anapeta mchele. Bernadeta aliporudi sebuleni akasimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Natoa mzigo."

"Mzigo gani?"

"Picha picha tu."

"Zipi?"

Gervas akajifanya anasoma kitu.

"Baba Winfrida, nimekuuliza. Picha zipi?"

"Za harusi yetu. Sasa mke wangu, si zimeshakuwa za zamani?"

Bernadeta akamsogeza pembeni. Akanyoosha mkono, akashika kipanya, akabonyeza ukurasa mmoja kujaribu. Kompyuta bado nzito vilevile. Harusi imekwenda na uzito umebaki. Hapo ndipo aliposema, na aliyoyasema mjomba alijifanya hajayasikia.

Halafu akaenda kwenye ukuta wa uani akamwita jirani. Bi Sherbanu ana duka la vitambaa mjini. Anafanya hesabu za duka kwa kompyuta miaka mingi, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili, alikuwa nyumbani. Akaja na kandambili zake.

"Shikamoo Bi Sherbanu."

"Marahaba. Mbona sura hizo? Nani kafa?"

"Bado. Ila mume wangu yupo njiani."

Wakamweleza. Bi Sherbanu akamtazama mjomba na ungo wake. "Wewe mzee, weka ungo. Hiyo si mchele." Akavuta kiti. "Baba Winfrida, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, zote kwa pamoja."

Gervas akabonyeza. Wakasubiri. Kikatokea kidirisha chenye majina mengi na namba.

"Soma hapo palipoandikwa Memory."

"Asilimia tisini na sita!" Gervas akafurahi. "Si nzuri hiyo? Mimi shuleni sikuwahi kuipata."

"Huu siyo mtihani. Hapa ukipata nyingi umefeli. Hiyo ndiyo ramu yako, imejaa mpaka mdomoni."

"Si ndiyo nilisema imejaa? Ndiyo maana nimefuta picha!"

"Umefuta kwenye stoo, wakati kilichojaa ni kaunta." Bi Sherbanu akageuka awaone wote. "Sikilizeni. Dukani kwangu nina stoo nyuma, majora ya vitambaa yamelala humo. Halafu nina kaunta. Mteja akija anataka kitenge, natoa jora, nalikunjua juu ya kaunta. Tumeelewana?"

"Ndiyo."

"Amekuja mwingine anataka satini. Nakunjua. Mwingine, suti. Nakunjua. Nisipokunja lolote likarudi stoo, wa kumi atakuta nini?"

"Hakuna nafasi," mjomba akasema.

"Basi. Picha, nyimbo, barua, hizo zipo stoo. Zimelala, hazimzuii mtu. Ramu ndiyo kaunta. Kila unachofungua kinakunjuliwa juu yake. Ikijaa, mashine inabeba majora kuyapeleka stoo na kuyarudisha, mbio mbio, kila ukigusa kitu. Inachoka. Ndiyo inaganda na mjomba wa watu mdomo juu."

"Lakini sisi tukimaliza tunashusha chini," Gervas akabisha.

"Ukibonyeza kimstari unalisukuma jora pembeni ya kaunta. Bado lipo juu! Kufunga ni ile iksi ya pembeni. Haya, tuone mmekunjua nini."

Akaanza kupandisha kurasa, moja moja, anasoma kwa sauti. Usajili wa wachezaji. Usajili wa wachezaji. Usajili tena. "Wewe unamsajili nani, Baba Winfrida?" Akafunga. Ukurasa wa nne ukapanda. Bi Sherbanu akauangalia, akamwangalia Gervas kichwani.

"Mafuta ya kuotesha nywele kwa wenye kipara."

"Sijui nani kafungua hiyo," Gervas akasema.

Mjomba, mwenye nywele zake zote, akakohoa.

Bernadeta alicheka mpaka akajishika mbavu. Bi Sherbanu akapandisha mwingine. Jinsi ya kupika pilau. Jinsi ya kupika sambusa. Jinsi ya kuishi na mume mbishi.

Kicheko kikakatika.

"Huo nao ni upishi?" Gervas akauliza.

"Ni upishi mgumu kuliko yote," Bernadeta akajibu.

Zikafuata tamthilia za Winfrida, lundo zima. Kila wakifunga, ile namba ikawa inashuka. Themanini. Sabini. Gervas akaingiwa na moto, akataka kuua kila jina analoliona kwenye kile kidirisha. Bi Sherbanu akampiga kofi la mkononi.

"Acha! Usiue usichokijua. Mengine ni nguzo za nyumba. Funga ulichofungua wewe tu." Akaonyesha sehemu nyingine iliyoandikwa Startup. "Na hawa hapa ni wageni wasioalikwa. Ukiwasha mashine, nao wanajiwasha. Huu mchezo wa karata mnaucheza?"

"Hapana."

"Mzuie. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Disable. Hajafutwa, ila asubuhi asijilete mwenyewe. Sasa, mara ya mwisho kuizima ni lini?"

"Tunazima kila siku," Gervas akasema kwa fahari, akabonyeza kitufe cha kioo. Kioo kikawa cheusi. Boksi likaendelea kunguruma.

Bi Sherbanu akafumba macho. "Hapo umezima taa ya duka. Wateja wote wamo ndani gizani."

Akawasha kioo, akawaonyesha. Unaingia kwenye menyu, unachagua Restart. Mashine inakunja kila kitu, inaanza na kaunta tupu. Ukimaliza kazi za siku, unachagua Shut down kwanza, halafu ndiyo unazima kioo.

Bernadeta akashika kiuno. "Kwa hiyo umeme ukikatika ukirudi..."

"Kaunta inafagiwa kwa nguvu. Uliona sawa kabisa. Ila hiyo dawa mbaya, kazi ambayo hujaihifadhi inapotea na mashine inaweza kuumia. Restart ndiyo njia ya heshima."

Bernadeta akamgeukia mumewe taratibu. Gervas akapata shughuli ya ghafla na waya.

Mashine ikawaka upya. Namba ikasoma arobaini. "Ikizidi kusumbua hata mkiwa mnafunga vizuri, mwiteni fundi apime," Bi Sherbanu akasema. "Ramu yenu ni ndogo, anaweza kuongeza. Kaunta fupi unaiunga mbao. Lakini mbao hazimsaidii mtu asiyekunja vitambaa."

"Na harusi yangu?" Bernadeta akauliza.

Bi Sherbanu akafungua kile kipipa cha taka cha kwenye kioo. Harusi yote ilikuwa mle, Gervas na suti pana, nywele tele. Bonyeza kulia, Restore. Ikarudi stoo. "Mshukuruni Mungu Baba Winfrida hakumwaga pipa."

"Sheria ya nyumba hii kuanzia leo," Bernadeta akatangaza. "Anayenyanyuka pale afunge chake. Awe baba, awe mtoto, awe mgeni."

"Sawa," Gervas akasema. Hakubisha. Ilikuwa ajabu mpaka mjomba akamtazama mara mbili.

Saa kumi. Winfrida akakaa pembeni ya mjomba, ameshika pindo la koti lake. Wakafungua ukurasa wa kupiga simu peke yake, bila kingine. Wazee wa Moshi wakatokea. Hakuna aliyetabasamu. Mzee Elirehema hakurudia salamu.

"Mjomba. Mnatupokea au hamtupokei?"

Mjomba safari hii alikuwa amejipanga. Aliogopa wasije wakadhani ameganda tena. Akanyanyua mikono yote miwili. Akatikisa kichwa kulia na kushoto. Akapepesa macho, akainuka, akakaa, akainuka tena.

"Tumewapokea!" akasema, mabega yanacheza. "Tumewapokea, wazee wangu! Mnaniona? Huyu ni mimi! Mkono huu hapa! Mtoto ni wenu!"

Kule Moshi wazee wakatazamana. Winfrida akalikaza lile pindo la koti. Halafu mzee Elirehema akaanza kucheka, taratibu, mpaka akajifuta macho kwa leso, na wazee wote nyuma yake wakacheka.

"Tumekuona, mjomba," akasema. "Tumekusikia, na tumeshukuru. Sasa kaa chini upumzike, usije ukaanguka kabla hatujapanga tarehe."