Siku Mzee Qamara Alipoulizwa

Kila asubuhi Judith alikamua ng'ombe, akajaza maziwa kibuyuni, akapanda pikipiki kutoka Maretadu hadi hospitali. Baba yake, Mzee Qamara, alikuwa amelazwa huko. Ugali ulikuwa haupiti tena kooni. Maziwa yalipita, tena kwa shida.

"Ni vidonda vya tumbo, baba," Judith alimwambia kila alipofika. "Utapona."

Alikuwa anadanganya. Daktari wa kwanza alimwita yeye na kaka yake Theodory nje ya mlango. Ni kansa ya koo, akawaambia, na imeshafika kwenye ini. Ndugu hao wakakubaliana kunyamaza. Kwao, kumtajia mgonjwa kifo ni kukiita kije. Theodory akataka baba apelekwe Dar es Salaam.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na bango la hospitali lilikuwa limepakwa rangi mpya. Lakini tabia ilikuwa ile ile ya zamani: mgonjwa anazungumziwa, hazungumzishwi.

Siku moja akaja daktari mwingine, Letisia. Theodory akamwahi mlangoni.

"Daktari, tuongee huku nje. Mzee asisikie."

"Ugonjwa ni wa nani, kaka?"

"Wa mzee."

"Basi nitamuuliza yeye kama anataka kusikia. Akikataa, nitanyamaza."

Akavuta stuli, akaketi karibu na kitanda. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Wewe mwenyewe unauelewaje huu ugonjwa?"

Mzee akawatazama watoto wake. "Hawa wanasema vidonda vya tumbo. Vidonda gani hivyo, vya kumliza Theodory nyuma ya choo?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Theodory akainamisha kichwa.

"Ungependa nikueleze ukweli?"

"Mnanijadili nje ya mlango kama madalali wa mnadani Katesh. Ng'ombe ndiye haulizwi. Mimi si ng'ombe. Sema!"

Letisia akasema, polepole, bila kuficha. Ugonjwa hautapona. Hata Dar es Salaam hawataweza kuuondoa. Lakini maumivu yana dawa.

Judith akafumba macho. Alingoja baba akate roho pale pale. Mzee akashusha pumzi tu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Sasa, mzee, kitu gani ni kikubwa kwako kuliko vyote?"

"Sauti yangu. Bado ninayo, na sijawabariki wanangu. Baraka haitumwi kwa simu. Inatoka kwenye kigoda changu, mbele ya zizi langu. Nipelekeni nyumbani."

Judith akafumbua macho. Kumbe kimya walichokiita upendo kilikaribia kuwanyang'anya baraka!

Letisia akawapa mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali. Akawafundisha kumnywesha kwa saa zake, wasingoje maumivu yarudi.

Jumapili, mzee akiwa amesharudishwa nyumbani, boma likajaa watu. Mzee akaketi kwenye kigoda, uso umetulia. Akachovya majani kwenye maziwa, akawanyunyizia.

"Mvua iwafikie!"

"Itufikie!" watu wakaitikia.

"Mlima usiwaangukie!"

"Usituangukie!"

Koo lile lililoshindwa na tonge la ugali likajaza bonde zima. Theodory, mtu mzima mwenye ndevu, akapiga magoti kwenye samadi. Letisia alikuwa amekuja kupima maumivu. Akajikuta akiitikia pamoja nao.

Mzee Qamara alifariki kitandani mwake, maharage yakiwa yanatoa maua.

Mwaka uliofuata jirani yao, Mzee Gervasi, akaugua sana. Judith akaenda kumwangalia wodini. Akawakuta wana wa mzee huyo wakimvuta daktari kwenda nje.

Judith akasimama mlangoni, akanyoosha mkono kuwazuia.

"Rudini ndani," akasema. "Mwenye ugonjwa yuko ndani."