Neno la Siri la Chumba cha Mama

Kamera zilikuwa tatu: getini, sebuleni na chumbani kwa mama. Kila siku saa saba mchana ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilijizima na kujiwasha, na kamera zote zikakatika. Nesi, binti mkubwa wa nyumba ile, ambaye alimchungulia mama yake kwa simu akiwa kazini, hakuamini kwamba mashine inajua saa. Mama alikuwa ameshaanguka mara mbili. Daktari alisema akianguka tena, hatainuka.

Basi akamshuku mdogo wake wa kiume, ambaye nyumbani walimwita Profesa kwa kuwa hakuna alichowahi kumaliza.

"Unazima ili uingize wageni wako," alimwambia mbele ya fundi wa kamera.

"Dada, wallahi siigusi. Mimi ndiye ninayehangaika kuziunganisha tena!"

Kikulacho ki nguoni mwako, Nesi aliwaza, wala hakuona haya kuwaza hivyo.

Fundi, mtu mwenye maneno mengi kuliko vifaa, alifungua kompyuta yake na kuingia kwenye ruta. "Hii kawaida tu, dada yangu. Ruta ikiwaka upya, kamera zinashindwa kurudi hewani, unazipa tena neno la siri..." Akanyamaza. Fundi yule kunyamaza ilitosha kumtisha mtu.

"Haijizimi," alisema kwa sauti ya chini. "Inaamriwa. Kuna kitu kinaingia kwa neno la siri na kuizima. Kinapitia kamera ya chumbani kwa mama."

"Mama hana hata simu," Profesa alinong'ona.

Nesi alimgeukia fundi. "Lile neno la siri, refu lisilo na maana, ulilitoa wapi?"

Fundi aliinamisha macho. "Siku nafunga kamera nilisogeza kabati la mama. Neno hilo lilikuwa limekwaruzwa ukutani nyuma yake. Nikasema hili hakuna atakayelibahatisha."

Ndipo Nesi alipokumbuka kwamba kila kamera zilipokatika yeye alipiga simu nyumbani akamsomea mdogo wake neno hilo herufi moja moja, na mdogo wake, akiwa juu ya stuli mle mle chumbani, alilirudia neno zima kwa sauti ili asikosee, kila siku, kwa miezi minne, kama mtu anayemwita jirani aliye upande wa pili wa ukuta.

"Libadilishe. Sasa hivi. Na usilitamke."

Fundi aliandika neno jipya kimya kimya, akiificha skrini. Kamera ya getini ikakatika. Ya sebuleni ikakatika. Zilisubiri kupewa neno jipya. Ya chumbani haikusubiri. Ilirudi yenyewe, na kwenye picha mama alikuwa ameketi wima ukingoni mwa kitanda, akicheka taratibu na kiti kitupu.

Walikimbilia chumbani. Chumba kilinuka udongo uliotoka kuchimbwa. Nesi alishika kile kiti. Kilikuwa na joto.

"Mama, unaongea na nani?"

"Mgeni wangu. Anasema leo hamkumwita, akataka kuondoka."

"Mwache aende, mama! Nakuomba."

Mama aliitazama kamera juu ya mlango, kisha akamtazama binti yake bila hasira yoyote.

"Nimemwambia abaki. Nyinyi mnanichungulia tu, mwanangu. Yeye anakaa nami."