Majivu ya Shimo la Takataka

Kila Jumamosi asubuhi Navalayo alifagia uwanja, akawapa kuku mahindi, akateka maji, kisha akasimama mlangoni pa jikoni kungoja kazi nyingine. Kazi za kukhu, nyanya yake, hazikuwa na mwisho. Maharagwe yalikuwa yamepurwa juzi, na maganda yake makavu yalijaa magunia mawili kando ya ghala.

"Leo ni ile kazi ya maonyesho ya shule," kukhu alisema akifunga kitambaa kichwani. Alikuwa anaelekea kanisani kwenye mkutano wa akina mama. "Choma hayo maganda hadi yawe majivu meupe. Yatie kwenye ule mkebe wenye matundu, umwagie maji kidogo kidogo. Kitakachodondoka ndicho musherekha wa kulainishia mboga. Usiharakishe."

Kumwambia Navalayo asiharakishe ilikuwa kazi bure. Msichana huyo hata uji aliunywa akiwa amesimama. Kukhu alipotoweka barabarani, kelele za wenzake waliocheza kati, mchezo wa kurushiana mpira, kwa jirani zikaanza kumwita. Aliyatazama maganda, akajua kuyachoma na kuyachuja kungemla siku nzima. Ndipo alipokumbuka shimo la takataka nyuma ya nyumba. Takataka zilikuwa zimechomwa humo jana. Majivu yalikuwa tayari, tena mengi.

Aliyachota. Ndani yake aliona plastiki iliyoyeyuka na vijiti vitatu vyeusi vilivyobaki kutoka kwa betri kuukuu za redio. Alivichomoa akavitupa kwenye ua, akayatia majivu kwenye mkebe na kumwaga maji. Yaliyodondoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, sawasawa na musherekha wa kukhu. Akayajaza kwenye chupa, na kabla ya saa sita alikuwa uwanjani akirusha mpira.

Tangu siku hiyo hakutulia. Jumatatu, Mwalimu Makhanu wa sayansi alipopita karibu na dawati lake, Navalayo alimwuliza kana kwamba ni swali la hivi hivi tu.

"Mwalimu, betri ikichomwa, vitu vyake vinaisha?"

"Haviishi. Ndani ya betri kuna metali, na moto hauziondoi. Zinabaki kwenye majivu, na zikiingia tumboni mwa mtu zinaweza kumdhuru. Kwa nini?"

"Nilikuwa tu nauliza."

Hapo alikuwa na nafasi nzuri ya kusema, lakini akameza maneno. Maonyesho ya sayansi yalikuwa Alhamisi, na yeye na rafiki yake Jepkosgei walikuwa wamechaguliwa kuiwakilisha gredi ya saba. Angesema nini?

Alhamisi ilifika. Jepkosgei alisimama mbele ya waamuzi na wazazi, akaeleza bila kuangalia daftari. Majivu yana chumvichumvi inayoyeyuka majini, alisema. Zamani watu waliichemsha pamoja na mafuta wakapata sabuni. Wengine waliiyeyusha pamoja na mchanga wakapata kioo, na misitu mizima ilikatwa huko Ulaya kwa ajili ya majivu. "Na hapa kwetu," alimalizia, "mama zetu wanalainisha mboga kwayo."

Kando yake sufuria ya mboga ya mrenda ilikuwa inachemka. Navalayo alishika chupa kwa mikono miwili. Kazi yake ilikuwa kumimina tu. Watoto wa gredi ya kwanza walikuwa wamepanga mstari na visahani vyao, naye alikawia kumimina hata Jepkosgei akamkonyeza aharakishe.

"Kabla ya kumwagwa, musherekha unaonjwa kwanza," mwamuzi, Madam Sylvia, alisema akitabasamu. "Nani ndiye fundi wake?"

Kukhu aliinuka kutoka kati ya wazazi. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. "Sisi hatupimangi kwa kijiko," aliwaambia watu. "Tunapimanga kwa ulimi." Akaichukua chupa, akamimina kidogo kiganjani, akachovya kidole. Hakuunusa wala kuutazama mara mbili, kwa sababu aliyeutengeneza alikuwa mjukuu wake.

Navalayo alimrukia akaushika mkono ule kabla haujafika mdomoni.

"Usionje, kukhu. Ni majivu ya shimo la takataka. Kulikuwa na betri."

Jepkosgei alimtazama kwa hasira, machozi yakimlengalenga. Mwalimu Makhanu hakupaza sauti. Aliichukua chupa akaiweka mbali na watoto, akaleta maji na sabuni, akamnawisha kukhu na Navalayo mikono. Navalayo alilia kwa aibu.

"Maganda ya maharagwe yako hapa shuleni?" kukhu aliuliza.

Yalikuwapo, nyuma ya jiko la shule. Navalayo alibeba machache mwenyewe, akayachoma, akachuja tone kwa tone huku waamuzi wakiendelea na meza nyingine. Baadaye kidogo Jepkosgei alikuja akachuchumaa kando yake, bado amenuna, akashikilia mkebe. Walipomaliza, waamuzi walikuwa wameshatoa zawadi na kuondoka. Hawakupata hata alama moja.

Mwalimu Makhanu alisimama karibu na sufuria. "Sikilizeni," aliwaambia wote wawili. "Aliyegundua sabuni hatumjui jina, wala aliyegundua kioo. Lakini ujuzi wao umetufikia kwa sababu kila mmoja alimwambia mwenzake kweli: nimechanganya hiki na hiki. Mkificha kilichomo, hiyo si sayansi tena, ni hatari. Navalayo, umechelewa siku tano kusema. Shukuru hukuchelewa zaidi ya hapo."

"Nisamehe, kukhu," Navalayo alisema.

Kukhu alimimina musherekha mpya kiganjani, akaunyoosha mkono wake mbele ya mjukuu.

"Wewe ndiye umetengeneza," alisema. "Onja kwanza, ndipo mimi nionje."

Navalayo alichovya kidole, akakitia ulimini. Ulimi uliwasha kidogo, kama inavyotakiwa. Kukhu naye akachovya kidole chake.