Maji ya Chiriku

Mchana ule nilikuwa kwa dada yangu nikinyoosha nguo wakati pasi ilipozima. Redio nayo ikanyamaza. Taa ya ukumbini iliendelea kuwaka, kwa hiyo umeme wa nje ulikuwepo. Soketi tu ndizo zilizokatwa. Dada alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini. Alikuwa ameketi kwenye kochi, amevua viatu.

"Imekata tena," alisema, na akatabasamu kama mtu aliyepigiwa hodi na mgeni anayempenda.

Tabasamu lile lilinitisha, kwa sababu najua lilikotoka.

Mwaka uliopita swichi ya usalama ya nyumba hii ilikuwa na tabia ya kuanguka ovyo. Unachomeka birika, inaanguka. Friji ikinguruma, inaanguka. Shemeji yangu hana subira, kwa hiyo akamleta fundi wa njiani, waya zikaunganishwa moja kwa moja bila kupita kwenye swichi. Kero ikaisha na sote tukamsifu. Hakuna aliyejiuliza swichi ilikuwa ikilalamikia nini.

Ilikuwa ikiilalamikia friji.

Mchana mmoja dada alirudi amechoka, akavua viatu, akaita, "Chiriku, niletee maji, mama." Chiriku ni binti yake wa pekee. Jina tulimpa sisi, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Alikuwa anaoga. Akatoka mbio na miguu iliyolowa, akachukua glasi, akashika mlango wa friji. Tulisikia glasi ikipasuka. Yeye hatukumsikia.

Tukazika. Friji ikatupwa, na hawakununua nyingine. Swichi mpya ikafungwa. Vipande vya glasi nilivizoa mimi kwa mikono yangu. Ilikuwa ya mwisho ya seti yenye maua mekundu.

Sasa swichi mpya nayo ilikuwa ikianguka, na shemeji hakuthubutu tena kuligusa boksi la umeme. Alimwita fundi mwenye vyeti, mtu wa makamo niliyempachika jina la Taratibu, kwani kwake kufungua skrubu moja ilikuwa safari.

Taratibu alikuja kesho yake asubuhi. Akachomoa kila kitu nyumba nzima, akapandisha swichi, ikasimama. Akafungua soketi moja baada ya nyingine akitafuta unyevu au waya uliochubuka, akapima kwa mita yake. Safi. Akachomeka vifaa kimoja kimoja. Safi. Nikamtania kwamba labda swichi inamwogopa. Akacheka.

Mchana dada akarudi. Akaketi. Akavua viatu.

Tak. Swichi ikaanguka.

Taratibu akaacha kucheka. Akazima umeme wote, akazitoa kwenye swichi waya zote ziendazo kwenye soketi, akawasha tena. Sasa swichi haikuwa na kitu cha kulinda.

Tak.

Akaweka bisibisi chini. Kisha akaja ukumbini, akachuchumaa mbele ya dada, akasema kwa sauti ya chini.

"Swichi hii inapima umeme unaotoka na umeme unaorudi. Ukilingana, inatulia. Ukipungua njiani, inakata. Mara nyingi ni kifaa kibovu, au maji. Hapa nimeondoa kila kitu."

"Kwa hiyo unapotelea wapi?" shemeji aliuliza.

Taratibu hakumtazama. "Kwa mtu."

"Ni mwanangu," dada alinong'ona. "Anakuja nikirudi. Usiitengeneze, fundi. Niachie hivyo hivyo."

"Dada yangu," Taratibu alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Swichi hii haikati mtu akisalimia. Inakata akipigwa na umeme."

Dada akamtazama. "Kila inapoanguka?"

"Kila inapoanguka."

Shemeji akatoka nje. Nilimsikia akilia ukutani. Dada hakulia. Alikuwa akihesabu moyoni, nadhani, mara zote alizotabasamu.

"Rudisha waya zako," alisema. "Uwashe."

Taratibu akarudisha. Akapandisha swichi. Dada akavaa viatu, akatoka, akaingia upya, akaketi kwenye kochi lile lile. Akavua kimoja. Akavua cha pili.

Nyumba ikatulia.

Kisha tukasikia nyayo jikoni. Ndogo. Za miguu iliyolowa. Zilikuwa zikikimbia.

"Chiriku," dada aliita. "Acha, mama. Sina kiu tena."

Nyayo zikasimama.

"Sina kiu, mwanangu. Usishike kitu. Nenda kacheze."

Tulingoja. Swichi haikuanguka. Pasi yangu ikazidi kupata moto na redio ikaendelea kuimba kwa sauti ya chini, na hapo ndipo dada alipolia, kilio ambacho hakukilia hata makaburini, kwa sababu sasa alikuwa amemfukuza mwenyewe. Swichi haijaanguka tena mpaka leo.

Taratibu ndiye aliyeona kwanza. Aliinua kidole tu.

Kwenye meza ndogo kando ya kochi palikuwa na glasi ya maji, imejaa, inatoka jasho kwa ubaridi. Ilikuwa na maua mekundu.

Dada aliishika kwa mikono miwili. Alikunywa yote, hakubakiza hata tone.

"Asante, mama," alisema.

Glasi ipo kabatini. Huwa naifuta mimi, na kila nikiifuta naikuta ina ubaridi.