Jina Lililopigwa Msasa

Herufi ya kwanza ilitoka Jumatatu. Chaki alifika dukani saa mbili asubuhi, akainua kichwa kutazama kibao chake juu ya mlango, na mwanzo wa jina lake haukuwepo. Haukubanduka wala haukupakwa rangi. Palikuwa na ubao mtupu, laini, na chini yake, kizingitini, vumbi jembamba la mbao kama unga.

"Nani kanifanyia hivi?" alifoka, mtaa mzima ukamsikia. "Mwenye wivu ajitokeze! Huo mkono nitauvunja!"

Hakujitokeza mtu. Fundi viatu wa jirani aliendelea kugonga visigino vyake, maana kelele za Chaki alikwishazizoea. Huyu bwana alikuwa na jina zuri alilorithi kwa babu yake, lakini mtaani waliona Chaki linamtosha, kwa ajili ya ile chaki ya buluu isiyomtoka vidoleni.

Kazi yake ilikuwa kununua na kuuza fimbo za kale za kuchezea pool, zile zinazopakwa chaki nchani. Si zile za baa, zilizopinda kama mkia wa mbwa. Zake zilichongwa na mafundi kwa ajili ya mtu mmoja, kwa urefu wa mkono wake na uzito autakao, mpingo ukaunganishwa na mti mweupe, mpini ukatiwa njumu za shaba na mfupa. Katika biashara hiyo kuna mwiko ambao hata mwanagenzi wa jana anaujua: fimbo ya kale unaipangusa, huipigi msasa. Na jina la fundi, lile lililoandikwa kwa mkono karibu na kitako, hilo huligusi kabisa.

Chaki aliujua mwiko huo kuliko wengi. Aliuvunja macho makavu, mchana kweupe, mara sita. Wapo watu wa namna hii, na inaudhi hata kuwasimulia: jasho la mwenzao wanaliona, wanalisifu, kisha wanafuta jina la aliyelitoa.

Fimbo hizo sita alizinunua kwa mjane wa fundi mmoja asiyejulikana. Alipoziviringisha juu ya meza kupima kama zimenyooka, ziliteleza bila kutikisika, bila hata mlio. Moyo ukamruka. Zilifanana mno na kazi za fundi mwingine, marehemu maarufu ambaye matajiri walikuwa wakimgombania. Kilichozitofautisha ni yale maandishi madogo meusi, yaliyopindapinda, karibu na kitako.

"Mwanangu," mjane alimwambia, "hayo maandishi usiyaguse. Kuna neno nataka nikwambie juu ya—"

"Mama, mimi nimekuja kununua fimbo, sikuja kusikiliza hadithi. Unauza au huuzi?"

Aliuza, kwa kinyongo. Chaki alikwenda nazo moja kwa moja kwenye karakana yake nyuma ya duka, akazifunga moja moja kwenye mashine ya kukerezea, akabana msasa, krr, krr, krr, mpaka jina likawa vumbi sakafuni. Hakulisoma. Hakupiga hata picha, kwa kuwa mwizi mzuri haachi nyayo. Halafu akabandika sahihi ya yule maarufu, akapaka vanishi juu yake. Tano zilipata wenyewe kabla mwezi haujaandama. Ya sita alijiwekea.

Sasa kibao kilikuwa kinaliwa, herufi moja kila siku. Jumatano akamwita mchora vibao.

"Niandike jina gani, bosi?"

"Jina langu, we vipi?" Akamtajia.

Mchora vibao alikunja uso. "Rudia."

Akarudia. Yule akaweka brashi chini, akatega sikio. "Hebu tena, bosi. Sijalipata."

Chaki akaona anachezewa. Akalipiga teke kopo la rangi, akamtimua mpaka barabarani huku akimtukania ukoo wake wote, na mchora vibao alikwenda zake akigeuka nyuma kila hatua, kwa uso wa mtu aliyesikia kitu kibaya.

Ijumaa, jua la saa saba likiwa linaunguza mabati, Chaki alikuwa amekaa dukani peke yake aliposikia msasa. Krr. Krr. Sauti ilitoka karakanani, ambako hapakuwa na mtu. Akachukua nyundo, akasukuma mlango kwa bega, matusi yakiwa tayari mdomoni. Harufu ya vanishi mbichi ilimpiga puani, na ndani yake harufu nyingine, ya mti ulioungua, na pale kwenye mashine, ambayo waya wake ulikuwa umelala sakafuni haujachomekwa popote, ile fimbo ya sita ilikuwa inazunguka, polepole, kama mtu anayegeuzwa ubavu kitandani, na karatasi ya msasa ilikuwa imekunjwa juu yake bila mkono wa kuishika, imejibonyeza mahali palepale alipokuwa amefuta, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, na kila iliporudi alihisi mkwaruzo kifuani mwake mwenyewe, upande wa mfuko wa shati, mpaka akatia mkono mfukoni na kutoa kitambulisho chake akakuta picha yake iko, inamtazama, lakini pale kwenye jina pamekuwa laini na vumbi linamwagika.

Nyundo ilimtoka mkononi. Alikimbia, duka akaliacha wazi.

Nyumbani, mkewe alikuwa mezani na fomu ya shule ya binti yao, mtoto wa miaka saba waliyempa jina la utani Kidege kwa kutonyamaza kwake. Ndiye mtu pekee duniani ambaye Chaki hakuwahi kumpazia sauti.

"Baba Kidege," mke alisema kwa sauti ya chini, "hapa wanataka jina la baba. Nimekaa na hii kalamu tangu asubuhi. Linakuja mpaka ulimini, linarudi."

"Na wewe unanifanyia mzaha?"

"Mzaha?" Alisimama, macho yamemwiva. "Miaka tisa nameza hasira zako, leo nakuuliza kitu kimoja tu! Jina lako nani?"

Akalitaja. Mkewe hakuandika. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Umetoa sauti gani hiyo?" alinong'ona. "Usirudie. Mtoto amelala, usirudie."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mganga. Mganga alimnusa akiwa bado mlangoni, akaziba pua kwa kitambaa.

"Aliyekushika amekasirika, na ana haki," alisema. "Ninaweza kumtoa, lakini lazima nimwite kwa jina lake. Bila jina, nitamwita nani? Ulilikuta wapi mara ya mwisho?"

Chaki alijua alilikuta wapi, na alijua amelifanya nini.

Mjane alimfungulia mlango akamtazama kama anayemtazama muuza sabuni wa kupita. "Wewe nani?"

"Mimi niliyenunua fimbo, mama. Zile sita. Niambie jina lililokuwa limeandikwa. Nakupigia magoti."

Kifua cha bibi yule kikaanza kupanda na kushuka kwa hasira.

"Umelifuta," alisema. "Mume wangu alikuwa na mikono miwili, na kazi ile ni ya mikono minne. Mwenzake asiyeonekana hakutaka damu, hakutaka ubani. Alitaka kitu kimoja: jina lake likae kwenye kazi yake, watu walione. Miaka thelathini hakudhuru hata kuku wa jirani. Nilikuuzia ili jina litembee, na wewe, mshenzi, ukalipiga msasa!"

"Litaje, mama, basi!"

"Silijui! Halikutamkwa humu ndani hata siku moja. Liliandikwa tu, na mimi kusoma sikufundishwa. Lilikuwepo kwenye fimbo sita, na zote ulizichukua wewe. Hilo ndilo nililotaka kukwambia, ukanijibu hukuja kusikiliza hadithi." Akashika kitasa. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Mlango ukafungwa. Mtu yule alibaki ameukodolea macho, kisha akaanza kwenda, halafu akakimbia, jua likiwa utosini na watu wakimpisha bila kumtazama. Fundi viatu, jirani yake wa miaka yote, alimgonga bega njiani akasema, "Samahani, mgeni."

Alifika kwake akagonga. Pazia la dirishani likasogea, uso mdogo ukachungulia.

"Mama, kuna mtu mlangoni."

"Mtu gani?"

"Simjui. Ana chaki vidoleni."

Akapiga mlango kwa ngumi mbili, akapiga kelele kwa nguvu zake zote kwamba yeye ni baba yake, afungue, ni baba yake. Kilichotoka ni krr, krr, krr. Uso wa mtoto ukatoweka dirishani. Akaitazama mikono yake. Buluu ilikuwa inapukutika yenyewe, na chini yake ncha za vidole zilikuwa laini, hazina hata mstari mmoja.

Ndani, Kidege alikuwa analia. "Mama, kwani baba yangu anaitwa nani?"

Kiti kikaburutwa. Karatasi ikafunuliwa mezani, ile fomu ya shule.

"Ngoja, mwanangu," mama alisema. "Ngoja kwanza. Nilikuwa nalijua sasa hivi."